Kununua kompyuta ya kufanyia kazi kwa mbali: mwongozo kamili kwa waliokwishaumia na wasiotaka kuumia

Malalamiko yanayonifikia yanafanana kama mapacha. Mtu kapata kazi ya mtandaoni, kajikusanya, kanunua laptopu yenye stika ya i7 (jina la prosesa za Intel za daraja la juu), na wiki ya pili ananiandikia: "Nikiwasha kamera na kushiriki skrini, kila kitu kinaganda." Mwingine: "Iko vizuri, ila chaja ikichomoka tu, dakika arobaini imezima." Na lile baya kuliko yote: "Nimeifuta nianze upya, sasa inadai barua pepe ya kampuni nisiyoijua."

Hawa si wazembe. Waliuliza, wakalinganisha, wakachagua. Ila waliangalia vile ambavyo muuzaji hupenda viangaliwe: stika, mng'ao wa kioo, wembamba wa bodi. Hapa tutakwenda kinyume. Tunapima kazi kwanza, halafu tunatafuta mashine, na mashine yenyewe tunaitesa kidogo kabla fedha haijatoka mfukoni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta yoyote unayotumia sasa, hata ya kuazima, kwa ajili ya kipimo cha Hatua ya 1.
- Orodha ya programu anazodai mwajiri au mteja, pamoja na mfumo endeshi (kama Windows au macOS) anaoukubali. Iombe kwa maandishi.
- Simu yenye data ya kutosha kurusha intaneti.
- Flashi ya GB 8 au zaidi.
- Hedseti ya waya yenye kipaza sauti.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Muda wa saa moja na nusu usio na haraka mbele ya mashine unayotaka kuinunua. Muuzaji asiyekupa muda huo amekwishakujibu.

## Hatua ya 1: Pima kazi yako kabla ya kupima kompyuta

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu.

Subiri saa ambayo kazi imekushika kooni: mkutano unaendelea, kamera imewashwa, vichupo vya kivinjari vimejaa, na ile programu nzito ya kazini iko wazi. Usifunge kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, ingia Performance, uandike asilimia za vitu vitatu: CPU (prosesa, ubongo wa kompyuta), Memory (RAM, kumbukumbu ya muda inayoshika vilivyo wazi) na Disk (diski inayohifadhi faili). Anayetumia Mac afungue Activity Monitor, sehemu ya Memory, na aangalie grafu ya chini: kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni shida.

Hivi ndivyo mashine yangu ya zamani yenye RAM ya GB 8 ilivyosoma asubuhi moja, nikiwa na mkutano wa video, vichupo 14, jedwali moja kubwa na programu ya ujumbe:

Memory: 7.2 kati ya 7.9 GB, yaani asilimia 91. Disk: inapanda hadi 100 kila ninapobadilisha dirisha. CPU: asilimia 38.

Rudia kusoma namba hizo. Prosesa, ambayo ndiyo kila mtu huilipia, ilikuwa imekaa tu. Aliyezidiwa ni RAM. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye diski ili upate nafasi, halafu huvirudisha unapovihitaji. Diski ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, na huko kuhamahama ndiko wewe unakokuona kama kuganda. Ningenunua prosesa yenye nguvu mara mbili na RAM ileile ya GB 8, ningeganda vilevile.

Fanya kipimo hiki siku tatu tofauti. Siku moja hudanganya.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja kinachokukwamisha: "RAM yangu hufika asilimia 90," au "CPU hugonga 100 ninapohariri video," au hata "kompyuta haina neno, intaneti ndiyo inayokatika." Ukiangukia sentensi ya tatu, ruka hadi Hatua ya 7. Umeokoa fedha nyingi.

Kama huna kompyuta kabisa, tumia vipimo vya hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Andika kima chako cha chini, kisha usishuke

Andika kwenye karatasi kabla hujaona bidhaa yoyote. Ukishaona, macho yataanza kukutetea.

RAM: GB 16. Kwa kazi ya mikutano, nyaraka, vichupo vingi na huduma kwa wateja, hapo ndipo pa kuanzia leo. GB 8 inaweza kukuvusha ikiwa kazi ni kuandika au kuingiza taarifa, na ikiwa mashine ina nafasi ya kuongeza. Nafasi hiyo uihakikishe. Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imelehemiwa kwenye bodi, na ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Kwenye Task Manager, sehemu ya Memory, angalia mstari wa Form factor. SODIMM maana yake ni kibao kinachochomolewa. Row of chips maana yake imelehemiwa. Mstari wa Slots used utakuonyesha nafasi ziko ngapi na zilizotumika ni ngapi.

Kama unaweza kuchagua, vibao viwili vya GB 8 hushinda kimoja cha GB 16. Prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja, na picha zinazoonyeshwa kwenye skrini hunufaika zaidi, kwa sababu laptopu za kawaida hukopa RAM kwa ajili ya picha.

Diski: SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani), GB 256 au zaidi. Diski ya zamani ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 150 hivi kwa sekunde. SSD ya aina ya SATA hufika 550. Nyingi za aina ya NVMe huvuka 3,000. Kwa kazi za ofisi hutahisi sana tofauti ya SATA na NVMe, lakini tofauti ya diski ya kuzunguka na SSD yoyote utaihisi kuanzia dakika ya kwanza.

Onyo: zipo laptopu mpya za bei ya chini zinazotangazwa kuwa na "hifadhi ya GB 64". Hiyo huwa ni eMMC, aina ya hifadhi ya polepole, mara nyingi imelehemiwa. Windows 11 yenyewe imewekewa kima cha chini cha GB 64. Yaani mfumo ukishaingia na masasisho yake mawili matatu, nafasi yako imekwisha kabla hujahifadhi faili. Usiinunue hata kama iko kwenye boksi lake na plastiki haijabanduliwa.

Kioo: pikseli 1920 kwa 1080, cha IPS (aina inayoonekana vizuri hata ukikitazama kwa pembeni). Vioo vya 1366 kwa 768 bado vinauzwa. Ukiweka jedwali upande mmoja na mkutano upande wa pili, hutasoma chochote.

Kamera: usihangaike. Ya 720p (pikseli 1280 kwa 720) inatosha ukikaa ukitazama dirisha badala ya kulipa mgongo. Watu humvumilia mwenye picha mbovu, asiyesikika hawamvumilii. Fedha ya kamera iende kwenye hedseti.

Mfumo endeshi: fuata barua ya mwajiri, si mapenzi yako. Baadhi ya kazi hutumia programu za kupigia simu au za ufuatiliaji zinazokubali Windows peke yake. Chromebook haisakinishi programu za Windows, na hilo watu huligundua siku ya mafunzo.

Wanaohariri video, wanaochora kwa vipimo vya pande tatu au wanaoendesha mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta) waongeze: RAM GB 32 na kadi ya picha inayojitegemea. Mwongozo huu hauwahusu sana.

## Hatua ya 3: Soma jina lote la prosesa, si stika

Stika inasema "i7". Jina kamili linasema "i7-6600U". Uzito uko kwenye ile namba.

Kwa prosesa za Intel zenye majina ya namna hii, tazama tarakimu baada ya kistari. Ikianza na 2 hadi 9, tarakimu hiyo moja ndiyo kizazi: 6600U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8. Ikianza na 1, chukua tarakimu mbili: 1135G7 ni kizazi cha 11, 1235U ni cha 12. Wengi huiona 1135G7 wakadhani ni kizazi cha kwanza, wakaikataa mashine nzuri.

Sasa linganisha hizi mbili. i7-6600U ilitoka mwaka 2015, ina viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba). i5-8250U ilitoka mwaka 2017, ina viini 4. Hiyo "i5" ndiyo yenye nguvu zaidi kazi zikiwa nyingi kwa pamoja, na kufanya kazi kwa mbali ni kazi nyingi kwa pamoja. Nimeona mtu akiongeza fedha ili apate ile ya viini 2, kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 5.

Kuna sababu ya pili ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali Intel za kizazi cha 7 kushuka chini, isipokuwa chache sana. Zipo njia za kuilazimisha iingie. Kwa mashine ya kuchezea, sawa. Kwa mashine inayoshika taarifa za wateja wa mwajiri wako, hapana.

Kwa AMD Ryzen za laptopu, mimi huanzia namba za 4000. Herufi ya mwisho nayo ina maneno: U ni ya kutumia umeme kidogo, H ni ya nguvu na joto. Kwa kazi ya ofisi, U inatosha na betri itakushukuru.

Tangu mwishoni mwa 2023 Intel imeleta majina ya Core Ultra. Hizo zote ni mpya kiasi kwamba hesabu hii ya vizazi haikuhusu.

Umefaulu ukiweza kutazama tangazo lolote na kusema kizazi ndani ya sekunde tano. Tangazo lisilotaja namba, muulize muuzaji. Asiyeitaja baada ya kuulizwa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

## Hatua ya 4: Mpya au iliyotumika?

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maoni yangu ni haya: kama fedha yako inatosha laptopu mpya ya daraja la chini kabisa, nunua iliyotumika ya daraja la ofisi.

Daraja la ofisi ni zile ambazo makampuni huzinunua kwa mamia: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. Kampuni huzitumia miaka mitatu minne, kisha huziondoa zote kwa mpigo, si kwa sababu ni mbovu bali mkataba umekwisha. Bawaba zake ni imara, kibodi hubadilishwa, vipuri vinapatikana, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida. Mfano mzuri ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018: kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8, nafasi mbili za RAM, na betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Ila usichukulie kuwa kila ThinkPad iko hivyo. X1 Carbon RAM yake imelehemiwa, na T14 ya kwanza imelehemiwa kibao kimoja na kuachiwa nafasi moja.

Mpya inafaa ukihitaji waranti ya kweli, au kama mwajiri anarudisha gharama kwa risiti. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, haina feni na betri yake ni ya kupigiwa mfano, lakini RAM haiongezwi milele. Ukichukua ya GB 8, uwe umeshafanya Hatua ya 1.

Fedha yote isiishie kwenye mashine. Tenga kama robo yake kwa hedseti, diski ya nje ya nakala, kifaa cha kulinda vifaa dhidi ya mruko wa umeme, na betri mpya kama umenunua iliyotumika. Aliyemaliza yote kwenye laptopu huanza kazi na hedseti ya simu iliyokatika waya upande mmoja.

## Hatua ya 5: Ukaguzi mbele ya muuzaji

Fuata mpangilio huu. Nimeupanga ili kasoro zinazoua biashara zijitokeze mapema, usipoteze muda kujaribu spika za mashine ambayo hutaichukua.

### Ikiwa imezimwa

Iweke mezani. Inayumba? Tachipadi imenyanyuka, au kifuniko hakilali sawasawa? Hizo ni dalili za betri iliyovimba. Ishia hapo, na usiibonyeze. Mulika tochi kwenye matundu ya feni uone vumbi, na kwenye skrubu za chini. Skrubu zilizochubuka vichwa zinasema ilifunguliwa na mtu mwenye haraka.

### Kufuli zisizoonekana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu palinigharimu mimi mwenyewe. Nilinunua laptopu safi, ikafanya kazi wiki tatu bila kasoro. Siku nilipoifuta ili nianze upya, skrini ya kwanza baada ya kuunganisha intaneti ilinikaribisha kwa jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwa wenyewe. Muuzaji alikuwa ameisakinisha bila intaneti, na usajili ule huchunguzwa intaneti ikiwepo wakati wa kusakinisha. Simu yake haikupatikana tena.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Izime, iwashe, na ubonyeze kitufe cha kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayoanza kabla ya Windows): kwa kawaida F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka.
2. Mwambie muuzaji aifute Windows mbele yako, kupitia Settings, System, Recovery, Reset this PC. Inachukua muda. Kaa.
3. Ikifika kwenye ukaribisho, iunganishe na intaneti ya simu yako. Ikikuacha uchague matumizi binafsi, iko huru. Ikitaja jina la kampuni au shule, mrudishie.
4. Kwa Mac, fungua System Information, ukurasa wa Hardware, utafute Activation Lock Status (kufuli ya Apple inayoifunga Mac kwenye akaunti ya mwenyewe). Iwe Disabled, yaani imezimwa. Hakikisha pia imetoka kabisa kwenye akaunti ya mwenyewe wa awali.

Muuzaji atasema "hizi zote ni safi, tumeuza nyingi." Inawezekana kabisa ni kweli. Subiri namba 3 ya orodha hii ipite.

### Betri

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwenye kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake leo.

Tuseme ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili 31,000 mWh, yaani wati-saa 50 na 31. Gawanya: imebaki asilimia 62. Mkutano wa video ukinyonya wati 15, hiyo ni saa mbili kasorobo kwa kubahatisha vizuri, saa mbili kwenye karatasi. Asilimia 80 na zaidi ni nzuri kwa mashine iliyotumika. Kati ya 60 na 80, omba punguzo. Chini ya 60, hesabu bei ya betri mpya kama sehemu ya bei ya mashine.

Kwa Mac, soma Cycle Count (idadi ya mizunguko ya kuchaji) chini ya Power kwenye System Information. MacBook za miaka ya karibuni zimepangiwa mizunguko 1,000.

### Diski na umri wa kweli

Weka kwenye flashi yako programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, uiendeshe. Inaonyesha afya ya diski kwa asilimia na saa ilizowashwa. Diski ya saa 20,000, kwa mashine iliyotumika saa nane kwa siku, ni siku 2,500: karibu miaka saba. Ukiambiwa "imetumika mwaka mmoja tu", una jibu mkononi. Kumbuka diski inaweza kuwa imebadilishwa, kwa hiyo namba ndogo haithibitishi kuwa mashine ni changa.

### Vifungo na matundu

Fungua ukurasa mtupu na ubonyeze kila herufi. Kila moja. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB na ulitikise kidogo. Jaza kioo rangi nyeupe, kisha nyeusi, utafute madoa. Rekodi sauti yako kwa kipaza cha ndani, kisha kwa hedseti. Tundu la USB-C lichomeke chaja na baadaye skrini kama ipo; si kila USB-C inachaji, na si kila inayochaji inatoa picha.

### Jaribio la dakika ishirini

Anzisha mkutano na simu yako, washa kamera, shiriki skrini, cheza video nyingine pembeni, fungua vichupo kumi. Acha hivyo dakika ishirini huku Task Manager iko wazi kwenye CPU.

Tazama Speed (kasi ya sasa) na Base speed (kasi ya msingi). Prosesa ikifanya kazi, Speed inapaswa kuwa juu ya Base speed au karibu nayo. Ikianza vizuri kisha ikaporomoka hadi 0.8 au 0.4 GHz na kung'ang'ania hapo, prosesa inajibana. Sababu huwa mbili: joto, au chaja. Baadhi ya laptopu zikishindwa kuitambua chaja hujipunguzia kasi makusudi, kwa hiyo jaribu kwanza na chaja nyingine halali kabla hujailaumu mashine. Kama ni joto, vumbi na pasta ya kupitishia joto iliyokauka hurekebishika kwa fundi, ila bei ishuke kwanza.

Umefaulu ikiwa mkutano haukukatika, feni inavuma bila kukwaruza, na bodi ina joto ambalo kiganja kinaweza kukaa juu yake. Lipa, chukua risiti yenye namba ya mashine, na masharti ya kurudisha yaandikwe, siyo yasemwe.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza nyumbani

Sakinisha masasisho yote hadi yaishe. Huwa yanakuja kwa mafungu. Washa usimbaji wa diski ili laptopu ikiibwa, faili zisisomeke: BitLocker kwenye Windows Pro, Device encryption kwenye Home inapokubali, FileVault kwenye Mac. Ufunguo wa kuokolea uuhifadhi nje ya mashine hiyo. Kuna watu wameukuta umehifadhiwa salama ndani ya diski ileile iliyofungwa.

Nakala: faili ziwe mahali patatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya nyumba. Laptopu, diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni vinatimiza hesabu hiyo.

Kama mashine inashinda imechomekwa kwenye umeme, weka ukomo wa kuchaji asilimia 80. ThinkPad, Latitude na EliteBook nyingi zina mpangilio huo kwenye BIOS au kwenye programu ya kiwanda. Betri ya lithiamu iliyojazwa pomoni na kupashwa joto kutwa nzima huzeeka haraka.

## Hatua ya 7: Intaneti na meza, kabla ya kuilaumu kompyuta

Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ukiweza. Kebo ikimaliza tatizo, kompyuta yako haikuwa na kosa. Usipoweza, tumia Wi-Fi ya 5 GHz ukiwa karibu na ruta. Ile ya 2.4 hufika mbali lakini hugombaniwa na vifaa vya jirani. Ukipima kasi, tazama ya kupakia (upload) pia. Kuganda kwa sura yako kwa wenzako hutokana na kupakia, hata kama wewe unawaona vizuri.

Umeme ukikatika, laptopu inabaki na betri yake lakini ruta inazima. Vipo vibetri vidogo vya akiba vya ruta. Soma lebo ya chaja ya ruta: volti lazima zilingane kabisa, ampea za kibetri ziwe sawa au zaidi. Volti zikizidi, utaiunguza.

Inua kioo kifike usawa wa macho, hata kwa vitabu, uchomeke kibodi na kipanya vya nje. Bila kibodi ya nje usikiinue, utahamisha maumivu kutoka shingoni kwenda mabegani.

## Hatua ya 8: Gwaride la mwisho

Fanya hili ndani ya siku za kurudisha, si siku moja kabla ya kuanza kazi. Omba rafiki akae nawe kwenye mkutano wa saa moja, kamera imewashwa, programu zote za kazi ziko wazi. Dakika ya 20, chomoa chaja. Dakika ya 30, zima Wi-Fi ya nyumbani na uhamie intaneti ya simu. Hesabu sekunde hadi sauti irudi. Dakika ya 45, shiriki skrini na uandike kwenye jedwali. Mkutano ukiisha, rudia kipimo cha Hatua ya 1 na uweke namba mpya kando ya zile za zamani.

Memory ikibaki chini ya asilimia 75 na rafiki yako hakukwambia "hatukusikii" zaidi ya mara moja, mashine imepita. Ikizidi 90 na nafasi ya RAM ipo, ongeza kibao kimoja. Ikizidi 90 na RAM imelehemiwa, tafuta risiti leo.